Gari Tuliliacha Kinuni, Tukaenda kwa Mama

Tangu turudi, kila nikienda kuchota maji mtu ananiuliza. Wengine mnataka kujua mambo ya njia tu: tulikwendaje Mbarara watu watatu tukarudi siku ileile, na pikapu ya Papa Baraka tuliiweka wapi hata haikufungwa chuma kwenye tairi. Wengine mnauliza kwa sauti ya chini kama tulimpata. Nawajibu wote hapa, kituo kwa kituo, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo siwezi kumaliza. Habari za ruhusa na karatasi za kutoka kambini naziruka, hizo mnazijua.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Spesioza, mtoto wa kwanza wa Leokadia. Baba tulimzika Burundi. Mama alifariki Mbarara miaka tisa iliyopita, akifanya kibarua katika shamba la migomba la bibi mmoja wa Kakiika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, shule nimeshaiacha. Nilikwenda kumzika peke yangu, kwa sababu mdogo wangu Fidele alikuwa na miaka kumi na miwili na ilibidi abaki na mdogo wetu wa mwisho, Goreti, aliyekuwa na mitatu. Kumrudisha mama hapa kambini Nakivale hatukuweza. Yule bibi, ambaye majirani wote walimwita Kaaka, yaani nyanya, alisema, "Alilima hapa, alale hapa," akatupa nafasi pembeni mwa migomba yake. Nilipanda juu yake tawi la igitongati, mti wenye majani marefu kama ya mahindi. Upande wa mama yangu, mahali pa heshima hupandwa mti huo. Kichwani niliweka mawe matatu ya jiko alilopikia.

Kwetu, baada ya mwaka watoto wote hukutana, mkubwa husema neno, jirani wa marehemu hushuhudia, mnakunywa pamoja, na kilio kinakwisha. Kirundi tunaita kuganduka, yaani kuondoa matanga. Sisi hatukuwahi. Kwenda peke yangu ningeweza, lakini matanga hayaondolewi na mtu mmoja, na kwenda sote na kulala mjini ilikuwa juu ya uwezo wetu. Mwaka ukawa miwili, ikawa tisa. Mwaka huu Fidele alipeleka posa. Wazee wa upande wa msichana walimsikiliza vizuri, kisha wakauliza swali moja: "Mama yenu mmeshamwondolea matanga?"

Fidele akanigeukia. Nikasema, "Atakuwa ameondolewa kabla ya mavuno."

Nakivale: mpango wa Papa Baraka

Papa Baraka, jirani yetu, ni Mkongomani wa Fizi. Pikapu yake ni nyeupe, mlango mmoja wa buluu, na usiku inalala kati ya nyumba yake na yetu. Hupeleka mahindi kusagwa karibu na Mbarara. Nilimwomba tupande juu ya magunia, nasi tumsaidie kupakia na kushusha. Alikubali kabla sijamaliza, kisha akainua kidole.

"Shefu, sikia muzuri." Ananiita Shefu tangu nilipoanza kulea wadogo zangu. "Motokari yangu haiingie mu mji tena. Ile siku nilisimama mbele ya banki dakika tano tu. Kurudi, tairi iko na chuma! Sawa muguu ya mufungwa!"

"Ulisimama mahali pasiporuhusiwa, Papa Baraka."

"Nani aliniambia? Kibao iko mu Kingereza. Miye nasoma Kifaransa."

Mpango wake ulikuwa huu, na wanaoniuliza habari za njia waushike. Kabla ya kuingia Mbarara kuna kinu chenye uwanja mpana wenye ukuta. Mwenye mahindi anaacha gari humo bure mpaka unga wake utoke. Kutoka hapo mjini ni mwendo wa miguu usiozidi saa moja. Hakuna wa kukuandikia karatasi ya faini, wala huzunguki barabarani ukitafuta nafasi ya kuegesha. Sharti lake lilikuwa moja.

"Saa kumi kamili miye niko mu njia. Taa moja ya mbele ilikufa. Giza isinikute. Mukikawia, mutalala na bantu ba Mbarara."

Nilitengeneza impeke, pombe yetu ya mtama, nikaijaza kidumu kidogo. Nilichukua mrija mmoja wa kunywea, kwa sababu siku hiyo watu hunywa kwa mrija mmoja. Nilichukua mshumaa na viazi vitamu vya kuchemsha. Fidele alivaa shati jeupe. Goreti alivaa gauni la kanisani, akaniuliza, "Dada, mama alikuwa mrefu?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikagundua sina hakika. Alipoondoka kwenda Mbarara nilikuwa bado sijamaliza kurefuka, na mtoto huona kila mtu mzima mrefu. Nikasema, "Panda gari, tunachelewa."

Kutoka Nakivale hadi Kabingo

Tuliondoka alfajiri. Ziwa lilikuwa na ukungu na magunia yalikuwa baridi kama mawe. Kisha jua likatoka, vumbi likaanza, tukajifunika kitenge kimoja sote watatu.

Tulichelewa mara ya kwanza kwa sababu ya ng'ombe. Kundi la wale wenye pembe ndefu lilishika barabara nzima, na mchungaji wao alitembea nyuma yao akiwa ameweka fimbo mabegani kama mtu aliyemaliza kazi zake zote. Papa Baraka alipiga honi. Mchungaji hakugeuka. Akapiga tena, na ng'ombe mmoja akasimama akaitazama pikapu kwa huruma.

"Hata ng'ombe anajua hii motokari iko mugonjwa," Papa Baraka akasema.

Mara ya pili ilikuwa tairi. Lilipasuka kilomita chache kabla ya Kabingo, na wakati Fidele na Papa Baraka wakibadilisha nikasikia mlio kama wa risasi ndogo nyuma ya gari. Nilirudi mbio. Impeke ilikuwa imechacha zaidi kwa mitikisiko na jua, kifuniko cha kidumu kimeruka, na povu linashuka juu ya magunia. Goreti alikuwa ameziba mdomo wa kidumu kwa viganja vyote viwili, pombe inamtiririka viwikoni, analia.

"Nimeshika, Dada! Nimeshika!"

Zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda. Nilikitikisa kidumu kidogo, nikasikia kilichobaki kikigonga chini. Fidele akasema polepole, "Pengine ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Kwamba tumechelewa sana. Miaka tisa, Dada."

Nilimwambia pombe ikichacha hupasuka, hata ya mtu asiye na msiba. Lakini neno lake liliniingia, na mpaka Kabingo nilikibeba kidumu mapajani, kifuniko kimelegezwa ili kipumue, kama mtu anavyobeba mtoto mwenye homa.

Kinuni

Tulifika kinuni saa nne imepita, wakati nilipanga tufike saa tatu. Uwanja ulikuwa na magari mawili ya mkaa na pikipiki nyingi. Tulishusha magunia, mwenye kinu akayapanga nyuma ya mengine na kutuambia umeme umekatika tangu asubuhi. Papa Baraka alifunga milango ya pikapu, akaizunguka mara mbili, akagusa kila tairi.

"Hapa iko salama. Muende. Saa kumi, Shefu."

"Na umeme usiporudi?"

"Nitarudi na mahindi yangu. Saa kumi ni saa kumi."

Mbarara kwa miguu

Anayeingia mji ule kwa miguu anaona alichoepuka. Kwenye barabara kuu magari yalisimama yamebanana pande zote, na vijana wenye fulana za kung'aa wakipita wakiandika karatasi na kuzibandika kwenye vioo. Mwanamume mmoja mwenye tai alikuwa akibishana nao kwa lugha tatu. Sisi tulipita kati ya magari na viazi vyetu.

Lakini viazi Fidele alikuwa amevisahau juani, vikaharibika, na Goreti alianza kuburuta miguu. Tukaingia kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akipika chini ya turubai, tukaomba sahani moja ya watu watatu. Alituletea ugali wa ulezi, mweusi na laini, na bakuli dogo la kitu cheupe kama mtindi. Nilikuwa nanawa mikono. Nilipogeuka, Goreti alikuwa amekwisha kunywa bakuli lote.

"Banange!" yule mama mpishi akapiga makofi. "Mtoto nakunywa mchuzi!"

Ilikuwa eshabwe, samli yao iliyopigwa kwa chumvi, ya kuchovyea. Goreti alibaki ametoa macho, hawezi kumeza wala kutema. Wateja wote wakacheka. Yule mama akajaza bakuli lingine asituombe chochote, akaniuliza, "Nyabo, nyinyi natoka wapi?"

"Nakivale."

"Nakuja hospitali?"

"Hapana. Tunaenda Kakiika, kwa mama yetu."

"Ah, vizuri. Nasalimu yeye."

Nikasema nitamsalimu. Tukala. Sikuona haja ya kumsahihisha, na baadaye nilifikisha salamu zake.

Kutoka mjini tulipanda teksi hadi Kakiika, nayo haikuondoka mpaka ijae, tukapoteza nusu saa nyingine. Tuliposhuka ilikuwa saa saba na robo.

Kakiika

Sasa nafika mahali ambapo hunishinda kusimulia.

Mahali nilipopajua hapakuwepo. Nyumba ya Kaaka ilikuwa imebomolewa. Nusu ya migomba ilikuwa imekatwa, na mahali pake pana matofali na misingi ya nyumba mpya. Nilitafuta kwa macho mti wangu, igitongati kimoja kando ya migomba.

Haukuwa mmoja. Ilikuwepo safu nzima, kutoka barabarani hadi kwenye kijito chini, pengine thelathini, yote ya aina ileile, yote imekatwa vichwa kwa urefu sawa kama askari kwenye gwaride. Fidele na Goreti walinitazama wakingoja niwaonyeshe mama.

"Ni upi, Dada?" Goreti akauliza.

Nilitembea kutoka mti wa kwanza hadi wa kumi. Nilirudi. Niliinama nikatazama chini, majani makavu yalikuwa yamejaa kila mahali. Wakati huo sauti ikatupigia kelele kutoka ng'ambo ya safu.

"Nyinyi! Nani natuma nyinyi hapa kwa mpaka?"

Alikuwa mzee aliyenyooka, mwenye kofia ya jeshi iliyopauka na panga la kukatia migomba. Baadaye nilijua kwamba kila mtu pale humwita Afande, kwa kuwa alikuwa mwanajeshi hadi alipostaafu. Nilimwamkia.

"Nauliza. Mtoto ya Kaaka natuma nyinyi? Nataka kupima tena?"

"Hapana, mzee. Hatumjui mtoto wake. Kaaka yuko wapi?"

"Kaaka alikufa. Miaka nne sasa."

Moyo wangu ulishuka, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Kaaka alikuwa mtu mwema. Ya pili nitaieleza. Matanga hayaondolewi bila jirani wa marehemu, mtu aliyemjua au aliyeishi karibu naye, akae na familia anywe nao. Njia nzima nilikuwa nimemtegemea Kaaka.

Nilimweleza Afande sisi ni nani na tumekuja kufanya nini. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Hapa kaburi hapana."

"Lipo, mzee. Nilimzika mwenyewe. Nilipanda mti kama huu."

"Hii ni mpaka. Huku Ankole mti hii ni ya mpaka. Hapana ya kaburi. Mwenyekiti alikuja, wazee alikuja, naandika kwa kitabu. Kaburi hapana. Nyinyi naenda."

Fidele alinishika mkono. "Dada, twende. Atatuitia watu."

Nilitazama jua. Nilijua tukiondoka hatutarudi tena sote watatu. Fidele angeoa kwa aibu au asingeoa kabisa. Na Goreti angekwenda maisha yake yote akiwa na mama aliye mahali fulani katika safu ya mpaka wa watu. Nikamwambia Afande, "Sitachimba. Sitagusa mti. Niruhusu nitembee tu."

Alisogea pembeni, nikachukua hilo kuwa ruhusa.

Nilitembea tena, safari hii nikiiangalia safu badala ya mti mmojammoja. Kutoka barabarani ilikuwa imenyooka kama kamba. Lakini katikati ilipinda. Ilitoka nje hatua tatu, ikafika kwenye mti mmoja, kisha ikarudi na kuendelea kunyooka hadi kijitoni. Mtu anayechora mpaka haupindi bila sababu. Nilikwenda kwenye ule mpindo. Mti wa pale ulikuwa umekatwa kichwa kama mingine, lakini shina lake lilikuwa nene, viganja vyangu viwili havikulizunguka. Nikapiga magoti, nikaondoa majani makavu kwa viganja, taratibu, bila kuchimba. Jiwe la kwanza lilikuwa hapo. La pili. La tatu lilikuwa limezama, limebaki jicho tu, na bado lilikuwa na masizi upande mmoja.

"Goreti," nikasema. "Njoo umsalimie mama."

Afande alikuja akasimama nyuma yetu. "Mawe ni mawe," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mzee, nani alipanda mti huu?"

Alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Mimi nilikuwa mbali, kwa kazi. Narudi, nakuta mti iko. Kaaka nakufa, kijana yake nakuja kutoka Kampala, nataka kuuza, nasema mpaka iko huku ndani kwa migomba yangu. Tunagombana. Mwenyekiti nauliza: mpaka ya zamani iko wapi? Tunatafuta, tunaona mti moja tu, nasimama peke yake, mizizi iko ndani sana. Kila mtu nasema, hii Kaaka alipanda. Hii ni alama yake. Basi."

"Na hii mingine?"

"Tunakata kutoka kwa hiyo moja, tunapanda. Yote ni watoto ya hiyo moja."

Niliitazama safu ile, toka barabarani hadi kijitoni. Fidele naye aliitazama. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na saba aliyechomeka tawi kwa desturi ya kwao, bila kujua kwamba katika nchi hii tawi lile lina maana nyingine. Kwa kosa langu majirani wawili waligawana ardhi. Na kwa kosa hilohilo mama hakuguswa, maana matofali yaliishia hatua chache tu kutoka kwake. Kaburi la mgeni wangelilima. Mti wa mpaka hakuna anayethubutu kuung'oa.

"Sasa wewe nasema ni kaburi," Afande akasema. "Kijana ya Kampala nasikia, nasema mpaka ni uongo, narudi kwa korti. Mimi napoteza migomba. Naelewa mimi?"

"Nakuelewa, mzee."

Nilikaa chini karibu na mawe. Sikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo, yalikuja tu.

"Sitaki ardhi. Sina ardhi hata ninakolala. Mpaka ukae hapa ulipo, mama yangu hana ugomvi nao. Natafuta jirani mmoja. Kaaka amekufa. Aliyelala karibu na mama yangu miaka hii yote ni wewe. Usiponywa nasi, tutarudi Nakivale kama tulivyokuja, na kilio hakitakwisha."

Alitazama barabarani kama mtu anayeogopa kuonekana. Ndipo mke wake akatoka kwenye migomba, mama mzee aliyejifunga shuka, bila shaka amesikia sauti. Alimwuliza mumewe jambo kwa Kinyankore, na mumewe akajibu kwa maneno mawili. Yule mama hakujua Kiswahili hata neno. Alinijia, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, akanitazama kwa muda mrefu.

"Reokadia," akasema.

Kwa miaka tisa sikuwa nimesikia mtu asiye wa nyumba yetu akilitaja jina la mama. Nililia hapo, sikuona aibu. Yule mama alikuwepo siku ya mazishi. Alikuwa mmoja wa wanawake walioleta maji ya kunawa, mimi nilikuwa nimesahau, yeye hakusahau. Alimgeukia mumewe akasema tena maneno machache, makavu.

"Anasema nini?" Fidele akamwuliza Afande.

Afande aliweka panga chini. "Yeye nasema mimi ni mzee mjinga. Nasema kila mwaka nataka kukata mti hii chini zaidi, yeye nakataa, mimi sijui kwa nini nakataa. Sasa najua." Akakaa. "Leta hiyo pombe."

Niliwasha mshumaa, upepo ukauzima, nikauwasha tena nikaukinga kwa mawe. Nilifungua kidumu. Fidele akachomeka mrija, na Afande alipouona mrija huo, uso wake ukabadilika.

"Oruseke!" akasema. "Baba yangu alikuwa nakunywa namna hii hii. Mimi nafikiri nyinyi nakunywa kwa chupa."

Nilisimama nikasema neno. Sitaliandika lote. Nilimwambia mama kwamba Fidele anataka kuoa, kwamba Goreti anasoma, kwamba mimi bado nipo, na kwamba mama wa kibandani Mbarara anamsalimu. Nikasema kuanzia leo hatulii tena, tunakumbuka. Kisha nikampa Afande mrija kwanza, maana jirani hutangulia.

Alikunywa, akapangusa mdomo, akasimama wima kama yuko mbele ya mkubwa wake.

"Huyu ni jirani yangu," akasema. "Miaka yote nalala karibu na yeye. Kelele hapana. Ugomvi hapana. Wizi wa ndizi hapana. Jirani mzuri. Nimemaliza."

Mrija ukapita: mke wake, Fidele, mimi, na Goreti wa mwisho, ambaye alikunywa tone moja akakunja uso. Pombe iliyobaki ilitosha watu watano kamili, kama iliyopimwa. Tone la mwisho nilimwagia mizizi.

Kisha Goreti aliuegemea mti ule, akanyoosha mkono kupima kutoka kichwani kwake hadi palipokatwa. "Alikuwa mrefu hivi?"

Niliongea na yule mama mzee kwa ishara. Nilisimama wima, nikamwonyesha mimi, kisha nikainua mkono juu na kuushusha chini, nikimwuliza. Alifikiri. Aliuweka mkono wake karibu na sikio langu.

"Alikuwa mfupi kuliko mimi," nikamwambia Goreti. Sikuwahi kujua.

Kurudi

Tuliondoka saa tisa na nusu imepita. Kabla hatujaondoka Afande alikata kitawi kutoka mti wa mama, akanipa kikiwa kimefungwa kwa ganda la mgomba. Alisema tawi la mpaka halitolewi ovyo, hutolewa majirani wakipatana. Kisha akasimama katikati ya barabara, akasimamisha gari la maziwa lililotoka upande wa Bwizibwera, akaongea na dereva kwa sauti ya amri. Tulipanda kati ya makopo ya maziwa, likatushusha mjini. Kutoka hapo tulikimbia. Goreti alipochoka Fidele alimbeba mgongoni, mtoto wa miaka kumi na miwili, watu wakitucheka.

Tulifika kinuni saa kumi na moja kasoro. Njiani nilikuwa nimeshawaza tutalala wapi. Pikapu ilikuwa palepale uwanjani. Papa Baraka alikuwa amekaa juu ya unga, mikono kifuani.

"Shefu! Nilisema saa ngapi?"

"Saa kumi, Papa Baraka. Tusamehe."

"Ni hii kinu njo ilichelewa," akasema akitazama pembeni. "Umeme. Ningekuwa nilisha kuenda."

Lakini unga ulikuwa umeshafungwa kamba, na kamba zilikuwa na vumbi. Mwenye kinu, alipokuwa akitufungulia lango, aliniambia umeme ulirudi saa sita. Sikumwambia Papa Baraka kwamba najua. Tuliingia Nakivale mwanga wa mwisho ukiwa bado juu ya ziwa, taa moja inatosha.

"Muliiona fasi kwenye mama yenu analala?" akaniuliza tulipokuwa tukishusha.

"Tumeiona."

"Mungu asifiwe." Akainua gunia lingine.

Kesho yake asubuhi nilikipanda kile kitawi kando ya nyumba. Nilichagua mahali palipo na udongo mzuri, na kwa kuwa nilikuwa nawaza mengine sikuona kwamba ni pale katikati, kati ya nyumba yetu na ya Papa Baraka. Alitoka na mswaki mdomoni, akasimama.

"Shefu, unaniwekea mupaka?"

Nilimweleza, kwa maneno machache, nilivyowaeleza ninyi hapa. Alisikiliza hadi mate yenye dawa ya meno yakamdondokea kifuani. Kisha akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akawasha pikapu, akaisogeza hadi ng'ambo ya nyumba yake, kwenye mteremko, mahali ambapo kila asubuhi sasa inabidi watu wanne waisukume ndipo iwake.

Nikamwambia haikuwa lazima, kitawi kinahitaji hatua mbili tu.

"Hapana," akasema. "Fasi ya mama yako, motokari haisimame."